Shajara ya mradi: taiko kutoka Kanazawa hadi Düsseldorf

Hapa naweka kumbukumbu za safari ya kikundi chetu cha taiko, ngoma za Kijapani, kwenda kupiga kwenye ufunguzi wa Japan-Tag, sikukuu ya Kijapani mjini Düsseldorf, Ujerumani. Mimi ni mtu wa Tanga, kazi ndiyo iliyonileta Kanazawa, Japani, na kikundini nimekabidhiwa mizigo na makaratasi. Najua vikundi vya ngoma vya nyumbani vinavyopata mialiko ya Ulaya kisha vinakwama kwenye mambo yasiyohusu upigaji hata kidogo. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili na kuweka gharama wazi. Mazoezi ya kawaida nitayaruka.

12 Januari: Nini kinaenda, nini kinabaki

Mwaliko umethibitishwa. Tutapiga Burgplatz, uwanja ulio ukingoni mwa mto Rhine. Düsseldorf ndio mji wenye Wajapani wengi kuliko mji mwingine wowote Ujerumani, na sikukuu hii huvuta watu zaidi ya nusu milioni kwa siku moja kwa hesabu ya waandaaji, hadi fataki za Kijapani zinapoifunga usiku. Malazi ni ya wenyeji. Nauli na mizigo ni juu yetu.

Kikao cha kwanza kiliishia kwenye ubishi wa odaiko, ile ngoma kubwa kuliko zote. Yetu pamoja na stendi yake inapita kilo 200, na bei tuliyopewa ya kuisafirisha kwa ndege ilizidi nauli za watu wanne. Mzee mmoja hakutaka kusikia. Alisema kikundi cha taiko cha Ondekoza kilikimbia marathoni ya Boston mwaka 1975 na wakimbiaji wakaanza kupiga ngoma palepale walipomaliza mbio, "na wewe unatuambia ngoma moja haipandi ndege?" Nikamjibu kwa adabu kwamba hata Ondekoza hawakukimbia nayo mgongoni. Mwalimu wetu alicheka, na hilo ndilo lililomaliza ubishi.

Uamuzi ni huu: ngoma nzito, yaani odaiko na zile za wastani zinazoitwa nagado, tutaazima kwa kikundi cha taiko cha hukohuko Düsseldorf. Tutabeba shime, ngoma ndogo za sauti kali zinazoshika mwendo. Okedo nyepesi zinazovaliwa begani. Filimbi za mianzi. Na bachi, vijiti vyetu vya kupigia. Mpigaji anaweza kuzoea ngoma ya mwenzake kwa siku moja. Bachi ya mwenzake inamchukua muda mrefu zaidi.

3 Februari: Makaratasi ya mti

Kabla ya kuiacha odaiko nilikuwa nimeshaanza kufuatilia vibali vyake, na niliyoyapata nayaandika kwa sababu yanawahusu watu wa nyumbani kuliko yanavyotuhusu sisi.

Taiko nzuri huchongwa kutoka gogo moja la keyaki, mti wa Kijapani. Magogo makubwa ya keyaki yamekuwa adimu na ghali, kwa hiyo odaiko nyingi za miaka ya karibuni zimechongwa kwa bubinga, mti wa misitu ya Kameruni, Gaboni na jirani zake. Yetu ni mojawapo. Wajapani wanapiga gogo la Afrika ya Kati kwenye sherehe ya hekalu, na wengi hawajui.

Bubinga iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwanzoni mwa 2017, pamoja na jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo wetu umo. Kwa muda vikundi vya muziki vilihangaika mipakani na vibali vya filimbi na magita. Novemba 2019 sharti lililegezwa: ala ya muziki iliyokamilika, iliyotengenezwa kwa miti hiyo, haihitaji tena kibali cha CITES. Kwa hiyo odaiko yetu ingepita. Zumari la mpingo lililokamilika nalo linapita, ila gogo la mpingo ambalo halijachongwa halipiti.

Msamaha huo ni wa mti, hauhusu ngozi. Engalabi, ngoma ya Waganda, huwambwa ngozi ya kenge, na ngoma kadhaa za kwetu vilevile. Kenge wote wako kwenye orodha za CITES. Anayetaka kusafiri na ngoma ya kenge aanze kutafuta kibali miezi kabla, au awambe ngozi ya mbuzi na kutafuta namna ya kuipata sauti ile.

25 Februari: Masanduku, kosa la kwanza

Fundi seremala wa kikundi alitengeneza sanduku la shime kwa mbao za sugi, mti mwingine wa Kijapani. Sanduku zuri kweli, viungo vimeshikana bila msumari. Tukawa tunalipiga picha, ndipo binti wa mwanachama mmoja, anayefanya kazi bandarini, akauliza muhuri uko wapi.

Mbao mbichi zikitumika kufungashia mzigo wa kwenda Umoja wa Ulaya lazima zifuate kanuni ya ISPM 15: zipashwe moto hadi kiini cha ubao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha zigongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano. Lengo ni kuua wadudu wa miti. Fundi binafsi hawezi kujigongea muhuri huo, na kulipeleka sanduku lililokamilika likapashwe moto kungelipinda.

Tulianza upya kwa plaiwudi ya milimita 9. Plaiwudi imesamehewa kwa kuwa hutengenezwa kwa gundi, joto na mgandamizo. Angalia sehemu hii: hata vipande vidogo vya mbao unavyoweka chini kama miguu, au ndani kama vishikizo, vinahesabika. Sisi tuliweka miguu ya plastiki, kona za alumini, na ndani sponji iliyokatwa kwa umbo la ngoma. Kila sanduku lilipimwa likiwa limejaa, lisizidi kilo 32, maana juu ya hapo shirika la ndege halilipokei kama begi.

Sanduku la sugi sasa linahifadhi mavazi ya watoto ukumbini. Lilikula yen 18,000. Ya plaiwudi yote, na skrubu na sponji, yalifika yen 41,000.

16 Machi: Carnet

Kitabu cha ATA Carnet ni kama pasipoti ya vifaa. Kinakuruhusu kuingiza vifaa vya kazi katika nchi ya kigeni kwa muda bila kulipa ushuru, mradi urudi navyo vyote. Hudumu mwaka mmoja. Japani hutolewa na chama cha usuluhishi wa kibiashara, nchi nyingine na chemba ya biashara. Nchi nyingi za Afrika hazimo kwenye mfumo huu, kwa hiyo ulizia kwanza chemba ya kwenu. Kama haimo, mwambie mwenyeji wako Ulaya aulize forodha ya kwake utaratibu wa uingizaji wa muda.

Kurasa zake zina rangi: njano za kutoka na kurudi nyumbani, nyeupe za kuingia na kutoka ugenini, bluu za kupita njiani. Kila kitu kinaorodheshwa kwa namba, uzito na thamani. Tulibishana juu ya bachi. Mwalimu alitaka zote ziorodheshwe, za kupigia na za kugawa zawadi. Tukaziweka zote. (Soma kumbukumbu ya Mei kabla hujaiga hili.)

Ada na dhamana: karibu yen 35,000.

6 Aprili: Uwanja wa wazi

Leo ndiyo siku iliyotufunza zaidi.

Mpango ulikuwa wapigaji wanne wa okedo waingie kupitia katikati ya watu, wawili kutoka kila upande wa uwanja, huku shime na nagado zikipiga jukwaani. Ukumbini kwetu ilikuwa safi kabisa. Leo tulikodi uwanja wa besiboli, tukapima umbali kwa kamba, tukaanza. Baada ya nusu dakika ilikuwa vurugu. Kila upande uliapa kwamba wenzao ndio wanaochelewa.

Mwalimu wa hesabu aliye kikundini alikaa chini akachora mchangani. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Aliye umbali wa mita 34 anaisikia shime ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wimbo wetu unakwenda mapigo 130 kwa dakika, na katika kila pigo shime hugonga mara nne. Kati ya kugonga mara moja na mara inayofuata ni sekunde 0.115 tu. Maana yake anayetembea mwisho wa uwanja, akifuata sikio lake kwa uaminifu, yuko nyuma karibu nafasi hiyo nzima. Naye sauti yake ikirudi jukwaani imechelewa mara ya pili. Kadiri mtu anavyosikiliza kwa makini ndivyo anavyoharibu.

Tulijaribu kwanza kupitisha shime kwenye spika ndogo karibu na watembeaji. Ilisaidia pale spika ilipo tu. Hatua chache mbele ugonjwa ukarudi. Kisha mmoja akasimama mbele na tochi akiongoza. Ilifanya kazi, lakini alionekana kama trafiki kwenye makutano na mwalimu akakataa katakata.

Kilichokubalika ni kubadilisha muziki wenyewe. Watembeaji sasa wanapiga pigo moja zito na kimya kirefu baada yake, kwa mwendo wa pole, na wanafuata mikono ya mpiga odaiko badala ya masikio. Anainua bachi zote mbili juu ya kichwa, na zinaposhuka ndipo wanapopiga. Jicho halichelewi. Mbio zinaanza wote wakishapanda jukwaani, na shime zimehamishwa kutoka pembeni hadi katikati, pasiwe na mtu aliye zaidi ya mita 8 kutoka kwao. Kwa umbali huo ucheleweshaji bado upo ila sikio linausamehe.

Nilidhani wazee watanung'unika kwa kuguswa wimbo. Hawakunung'unika. Kupiga taiko kwa kundi zima, ndogo kwa kubwa, kwenyewe ni jambo la mwaka 1951, alipolianzisha Oguchi Daihachi wa Nagano, mpiga dramu wa jazi. Ngoma ni za kale. Mpangilio si wa kale kiasi cha kuogopwa.

27 Aprili: Vipimo

Wenyeji wametuma picha za ngoma zao. Nagado ni za kipimo kilekile, kipenyo cha ngozi sentimita 48, lakini stendi zao ni za mtindo wa kuinamisha ngoma. Sisi wimbo wa pili tunaupiga kwa mtindo wa kisiwa cha Miyake: ngoma imelala kwenye stendi fupi, mpigaji amekunja magoti na kushuka chini akiipiga kwa ubavu. Stendi zetu ni nzito mno kusafiri. Tumeamua kutengeneza hukohuko.

Kamba na boliti za shime tumezilegeza leo kwa majaribio ya safari. Ngozi ya ng'ombe ikikauka inajivuta, na hewa ya tumbo la ndege ni kavu. Ngoma iliyokazwa sana inaweza kuchanika ikiwa hewani. Spana imeingizwa kwenye begi la kukabidhi pamoja na bachi, kwani vyote viwili havipiti mkononi.

20 Mei: Haneda, Frankfurt, barabara

Masanduku tuliyatanguliza Haneda, uwanja wa ndege wa Tokyo, kwa kampuni ya kusafirisha mizigo badala ya kuyapandisha ndege ya ndani. Sababu: ukurasa wa njano lazima ugongwe kabla mzigo haujakabidhiwa, na afisa ana haki ya kutaka kuuona. Mzigo ukishapewa lebo kutoka uwanja mdogo, umeshakuponyoka.

Kwa sababu hiyohiyo tulimalizia ndege Frankfurt, tukagonga ukurasa mweupe hapo, tukakodi gari hadi Düsseldorf. Mwenye kuunganisha ndege nyingine ndani ya Ulaya aulize mapema atagongea wapi. Forodha ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya chai.

Mzigo wa ziada, kwenda na kurudi: yen 240,000. Gari na mafuta, kwenda na kurudi: euro 380.

22 Mei: Stendi

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na papi za milimita 60 kwa 80. Ramani ya fundi: vipande vya sentimita 65, viwili viwili vinakatizana kama alama ya X, sentimita 28 kutoka chini, kwa pembe mraba, vimeshikwa na boliti moja ya M10. X mbili zinaunganishwa kwa mbao za kati. Ngoma inalala kwenye tumbo lake ndani ya bonde la juu, na kitovu cha ngozi kinakaa karibu sentimita 61 kutoka sakafuni.

Ya kwanza ilipowekewa ngoma, miguu ilianza kutanuka polepole kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Boliti moja ni bawaba, haishiki pembe. Tukafunga ubao chini kuunganisha miguu miwili ya kila X. Ikatulia, mwalimu akapiga, na stendi ikaanza kutembea. Kwenye mtindo huu nguvu yote inasukuma kwa ubavu. Wakiwa wawili, kila mmoja upande wake, wanasukumana na ngoma inakaa. Akibaki mmoja inamkimbia.

Marekebisho yalikuwa matatu. Mbao za kati tulizirefusha kutoka sentimita 30 hadi 45, tukaongeza mshazari mmoja kila upande. Chini ya miguu tuliweka vipande vya mpira, ule wa kuzuia mashine ya kufulia isitambae. Juu ya tumbo la ngoma ukapita mkanda wa kufungia mzigo, chini yake kitambaa ili usichubue mbao za watu. Jumla euro 74.

Tatizo lililobaki halikuwa la useremala. Ngozi za wenyeji ni mpya na zimekazwa. Bachi inarudi haraka kuliko kwetu, na mkono ukirudi haraka wimbo mzima unakimbia. Tulipima: tulianza 130 tukamalizia 142. Waliokuwa na bachi nyembamba wamebadilishiwa nene za mti laini wa hinoki, na mpiga shime wa kati amekatazwa kumtazama mtu yeyote.

24 Mei: Siku yenyewe

Asubuhi mvua nyepesi. Ngoma zilikaa chini ya turubai na juu ya kila ngozi kulikuwa na duara la boksi lililofunikwa kitambaa. Hata hivyo unyevu wa mto haujui turubai: shime tulizokaza saa moja zilikuwa zimelala ilipofika saa tatu. Tulizikaza upya, boliti kwa boliti inayotazamana nayo, robo mzunguko kila mara, kwa kuwa ukizifuata kwa mzunguko wake ngozi inavutika upande mmoja na sauti inapasuka. Fundi mitambo alitaka maikrofoni karibu na kila ngoma. Majaribio yalitoa ngurumo isiyo na umbo, akaziondoa akabakiza mbili juu na moja ya shime.

Watembeaji waliingia. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba okedo za kulia hazikumwona mpiga odaiko kabisa kwa mapigo mawili; walisimama, wakasubiri mikono ionekane, wakaendelea. Waliokuwa pale walidhani ndivyo ilivyopangwa na wakashangilia. Tumeliacha liwe hivyo kwenye mpangilio.

Wimbo wa pili bachi moja ilikatika. Kipande kiliruka hadi mstari wa mbele, mtoto wa kike akakidaka, na mpigaji wetu akamwashiria kwa moyo mkunjufu kwamba abaki nacho. Nami nilikuwa nimesimama pembeni na orodha ya carnet mfukoni. Kilichoorodheshwa lazima kirudi, hata kikiwa vipande. Baada ya onyesho nikamfuata mama yake, nikaeleza kwa Kijerumani changu cha kuombea maji, nikampa mtoto kamba nyekundu ya okedo iliyokuwa ya akiba, ambayo haikuwa kwenye orodha, nikarudi na kijiti kilichovunjika nikijiona mwizi.

28 Mei: Kurudi

Frankfurt walihesabu bachi. Zote. Na kile kipande kiliwekwa kando ya nusu yake kuthibitisha kwamba ni kimoja. Zile za zawadi zimerudi Japani bila kugawiwa, kwa ule ubishi wa Machi. Utaratibu bora: orodhesha bachi za kupigia tu, na za zawadi kila mtu abebe zake kama msafiri. Kwa anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege, thamani isiyotozwa ni hadi euro 430 kwa mtu.

15 Juni

Kitabu cha carnet kimerudishwa kwa waliokitoa, mihuri yote ipo, dhamana imefungwa. Shime moja ilirudi na ufa mdogo ukingoni mwa ngozi. Inapigika, ila mwakani itabadilishwa.

Stendi tuliwaachia wenyeji. Wiki hii wametuma picha: wametoboa tundu la pili la boliti, sentimita 34 kutoka chini badala ya 28, na kukata ncha za juu. Ngoma imepanda karibu sentimita 4 kwa ajili ya wapigaji wao warefu. Kama wapigaji wenu ni warefu, anzieni kwenye tundu lao.